Kifua Kikuu Umekipata kwa Nani?

Mhadhara wa wazi kuhusu vinasaba vya bakteria, uliotolewa Kyela mjini



Nimeombwa nieleze kazi ya maabara za kisasa ya kusoma vinasaba vya bakteria waliotoka kwa wagonjwa, ili ijulikane kama bakteria huyu na yule ni wa ukoo mmoja au la. Kazi yenyewe ni ya wataalamu, lakini swali linaloiongoza linaulizwa katika kila nyumba. Mtu akigundulika ana kifua kikuu, awe wa Ipinda, wa Ngonga au wa hapa mjini, hajamaliza vidonge vya juma la kwanza watu wamekwisha kuanza kuulizana: amekipata kwa nani? Jibu nalo halichelewi. Ni yule mjomba aliyerudi kutoka machimbo ya Chunya akikohoa. Ni mkwe aliyetoka ng'ambo ya Songwe. Ni bibi, ambaye kifua kilimsumbua muda mrefu kabla hajafa. Sahani ya mgonjwa inatengwa, kikombe chake kinatengwa, ingawa ugonjwa huu hauambukizwi kwa sahani wala kikombe bali kwa hewa. Zipo ndoa zilizovunjika kwa jibu hilo.

Nimekuja kusema kwamba jibu hilo, tunalolitoa kwa uhakika mkubwa, mara nyingi si la kweli. Sisemi hivyo kwa kumhurumia mjomba tu, ingawa anastahili kuhurumiwa. Nasema kwa sababu swali hili limepimwa kwa vinasaba, na mahali lilipopimwa kwa subira kubwa ni jirani zetu kabisa, Karonga, upande wa pili wa mpaka.

Karonga wengi wenu mnaifahamu kuliko mimi. Ukivuka daraja pale Kasumulu unaingia nchi ya Wangonde, ambao lugha yao na ya Wanyakyusa ni ndugu wa damu. Wanalima mpunga kama sisi, wanavua ziwa lilelile, na mvua za masika zikizidi wanafurikiwa kama tunavyofurikiwa. Mwaka 1979 ulianzishwa huko mradi wa utafiti wa ukoma, ukishirikiana na London School of Hygiene and Tropical Medicine. Baadaye watafiti walikiingiza kifua kikuu katika kazi yao, na kwa miaka mingi wakafanya jambo linaloonekana dogo ingawa ni kubwa sana: walimtafuta kila mgonjwa wa kifua kikuu katika wilaya nzima, wakachukua makohozi yake, wakaotesha bakteria, na wakawatunza bakteria hao. Pamoja na hayo walimwuliza kila mgonjwa swali letu lilelile: unamjua mtu yeyote aliyeugua kifua kikuu kabla yako?

Kabla sijawaambia walichokiona, lazima nieleze wanavyosoma.

Tangu Robert Koch alipotangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amemwona bakteria wa kifua kikuu, kazi kuu ya maabara imekuwa kujibu kama yupo au hayupo. Mtaalamu anapaka makohozi kwenye kioo, anatia rangi, anaangalia kwa hadubini, na akiviona vijiti vyekundu anaandika majibu. Vijiti vyote vinafanana. Cha mgonjwa wa Matema hakina tofauti na cha mgonjwa wa Mumbai. Siku hizi ipo mashine ya GeneXpert, ambayo kwa muda usiofika saa mbili inatuambia kama bakteria yupo na kama dawa ya rifampisini inamshinda. Mashine hiyo imeokoa maisha ya wengi na naiheshimu. Lakini haiwezi kukuambia kama bakteria wa baba na bakteria wa mtoto ni wa asili moja.

Hatua ya kwanza ya kujibu hilo ilipigwa miaka ya 1990. Katika vinasaba vya bakteria huyu kuna kipande kifupi, IS6110, ambacho hujirudia mara kadhaa, na mahali kinapojirudia hutofautisha ukoo mmoja na mwingine. Maabara ilikata vinasaba kwa kimeng'enya, ikavitenganisha vipande kwa umeme, na ikapata mistari myeusi juu ya filamu. Mistari ya wagonjwa wawili ikilingana, walihesabiwa kuwa wa kundi moja. Njia hiyo ilifundisha mengi, lakini ilikuwa na upungufu wake: watu wasiowahi kukutana maishani waliweza kuonekana wa kundi moja, kwa sababu kipimo kilisoma sehemu ndogo tu ya bakteria na kuacha iliyobaki.

Mwaka 1998 vilichapishwa vinasaba vyote vya bakteria wa kifua kikuu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vina herufi zipatazo milioni 4.4, zote zikiandikwa kwa alfabeti ya herufi nne. Kuanzia hapo, na mashine za kusomea zilipopungua bei, ikawezekana kuacha kusoma kipande na kusoma kitabu kizima cha bakteria wa kila mgonjwa.

Wazee wa kwaya watanielewa haraka hapa. Zamani nyimbo zilinakiliwa kwa mkono kwenye madaftari. Mwimbaji mmoja wa Matema akikosea neno, kila aliyenakili kutoka kwenye daftari lake alilibeba kosa hilo, na huenda akaongeza na la kwake. Ukiyakusanya madaftari yote ya ushirika miaka ishirini baadaye, huna haja ya kumwuliza mtu alinakili kwa nani. Makosa yenyewe yatakuonyesha. Bakteria naye, kila anapojigawa, hunakili herufi zake zote milioni 4.4, na mara chache sana hukosea moja. Kule Karonga walikadiria kwamba kutoka mgonjwa hadi mgonjwa hubadilika herufi 0.26 kwa mwaka, yaani kama herufi moja kila miaka minne. Kwa hiyo bakteria wa wagonjwa wawili wakipishana herufi tano, walitengana hivi karibuni. Wakipishana herufi mia tatu, hakuna namna mmoja wao alimwambukiza mwenzake, hata kama wamelala chumba kimoja miaka kumi.

Sasa tuje kwenye majibu ya Karonga. Watafiti, akiwamo Profesa Judith Glynn, walichukua wagonjwa wapya 1,907 waliothibitishwa kwa kuotesha bakteria kati ya 1997 na 2010. Asilimia 32 walisema yupo ndugu aliyeugua kabla yao. Asilimia nyingine 11 walimtaja mtu asiye ndugu. Waliobaki, zaidi ya nusu, hawakumjua mtu yeyote. Kisha vikasomwa vinasaba. Tofauti ya herufi zisizozidi 10 ilihesabiwa kuwa uthibitisho wa maambukizi, na tofauti ya herufi 100 au zaidi ilitosha kumwondolea mtu tuhuma.

Walipata jozi 163 ambazo mgonjwa alimtaja mtu aliyekuwa na bakteria wanaoonekana kwa hadubini, na bakteria wa pande zote mbili wakasomeka. Katika jozi hizo, maambukizi yalithibitishwa kwa 62, yaani asilimia 38. Ukiwatazama ndugu peke yao, ni jozi 56 kati ya 132. Wale waliotajwa huku makohozi yao hayana bakteria wa kuonekana kwa hadubini walikuwa 17, na hata mmoja wao hakuthibitishwa kuwa chanzo.

Tusipite haraka hapa. Mtu ana kifua kikuu. Ana ndugu ambaye kweli aliugua kifua kikuu kabla yake, na makohozi ya ndugu huyo yalikuwa na bakteria. Familia nzima ina uhakika. Hata hivyo, katika kesi kama hizo, zaidi ya nusu hazikuthibitishwa. Mjomba alikohoa kweli, na mpwa akaugua kweli, lakini bakteria wa mpwa hakutoka kwa mjomba. Walipounganisha hilo na wale wengi wasiomjua mgonjwa yeyote, watafiti walikadiria kwamba sehemu ya kifua kikuu cha Karonga iliyotokana na watu wanaofahamika na mgonjwa ni asilimia 9.4 tu. Haifiki hata mgonjwa mmoja kati ya kumi.

Atatokea mtu aseme: basi walikitoa mbali, Lilongwe au Johannesburg. Nalo limepimwa. Katika uchunguzi mwingine wa wilaya ileile, uliochapishwa mwaka 2015, vilisomwa vinasaba kutoka matukio 1,687 ya ugonjwa katika miaka 15, na asilimia 66 ya wagonjwa waliungana na angalau mgonjwa mmoja mwingine wa palepale Karonga. Yaani ugonjwa ulikuwa unapitishwa humohumo wilayani, kati ya watu wa wilaya moja, ila hawakujua kwamba wameambukizana. Waliketi pamoja mahali fulani, wakavuta hewa moja, wakaagana.

Mahali gani? Kinasaba peke yake hakina jibu la swali hilo. Lazima mtu atoke maabara akaulize. Huko Tororo, mashariki ya Uganda, watafiti walifanya hivyo. Waliwakusanya wagonjwa ambao bakteria wao walilingana ingawa wenyewe hawakufahamiana, wakawauliza saa zao za jioni na siku zao za mapumziko wanazipitisha wapi. Baadhi ya njia zilikutana kwenye vilabu vya pombe ya kienyeji. Hapa Kyela sina haja ya kuwaeleza kilabu kilivyo: chumba cha udongo, dirisha dogo au hakuna kabisa, watu wamekaa bega kwa bega kuanzia saa kumi jioni, wanaimba na kucheka. Mtu mmoja mwenye bakteria mapafuni anatosha. Siwalaumu wanywaji, na wala sitaki kilabu kifungwe. Nataka kitobolewe dirisha la pili.

Kuna mahali pengine ambapo inanipasa kupataja, hasa kwa vile wauguzi wako hapa. Mwaka 2006 lilichapishwa tukio la Tugela Ferry, hospitali ya vijijini katika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Wagonjwa 53 walikutwa na kifua kikuu kilichokuwa sugu kwa karibu dawa zote zilizokuwapo. Walifariki 52. Kwa kuwa usugu wa dawa mara nyingi huhusishwa na mgonjwa kuacha vidonge, ilikuwa rahisi kudhani kila mmoja alijiletea usugu wake. Walipopima bakteria 46, 39 walikuwa wa ukoo uleule mmoja, na wagonjwa wengi walikuwa wamelazwa hospitali siku za karibuni. Walikuwa wamekuja kutafuta tiba, wakaambukizwa wodini. Bila vipimo vile vya ukoo tungewazika na lawama juu yao.

Hii inanifikisha kwenye lawama ya pili, ambayo humwangukia mgonjwa mwenyewe. Mtu ametibiwa miezi sita, amepona, na baada ya mwaka au miaka kikohozi kinarudi. Maneno ya kwanza anayosikia ni: hukumeza dawa. Karonga walichunguza marudio ya namna hiyo 139. Katika 75 kati ya hayo, bakteria wa mara ya kwanza na wa mara ya pili waliweza kulinganishwa. Waliokuwa na bakteria yuleyule, yaani ugonjwa wa zamani ulioamka, walikuwa 55. Wengine 20 walikuwa na bakteria mpya kabisa, wa ukoo tofauti. Walikuwa wamepona, dawa zilifanya kazi, nao walizimeza. Waliambukizwa upya, na waliokuwa na virusi vya ukimwi walikuwa katika hatari zaidi ya hilo. Mtu wa namna hiyo unapomkaripia dirishani pa dawa, unamkaripia kwa kosa ambalo hakulifanya, na safari ijayo akikohoa hatakuja kwako.

Sisemi kwamba kuwafuatilia watu wa nyumbani kwa mgonjwa hakuna faida. Tanzania imejenga mpango wake wa kifua kikuu na ukoma tangu 1977, na Dakta Karel Styblo, Mcheki aliyefanya kazi nasi, alitumia mafunzo ya nchi hii kuunda mfumo wa matibabu uliokuja kuigwa duniani. Kumpima mtoto anayelala chumba kimoja na mgonjwa ni sehemu ya urithi huo, na takwimu zilezile za Karonga zinaonyesha kwamba uhusiano ulithibitishwa zaidi pale watu walipokaa karibu sana na pale aliyeambukizwa alipokuwa na umri mdogo. Mtoto apimwe. Ninachokataa ni kuishia mlangoni pa nyumba hiyo na kuamini kwamba chanzo tumekipata.

Nigusie na ugonjwa mwingine, maana pwani hii haihitaji kufundishwa jina la kipindupindu. Kila kinapolipuka, lawama huvuka mto. Sisi tunasema kimetoka Malawi. Bila shaka wapo Wamalawi wanaosema kimetoka Tanzania. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha kazi kubwa ya kusoma bakteria wa kipindupindu 1,070, wengi wao kutoka nchi 45 za Afrika kwa kipindi cha karibu nusu karne. Ilionekana kwamba tangu 1970 bakteria wa janga la saba la kipindupindu duniani wameingizwa Afrika angalau mara 11, na zile mara tano za mwisho zote walitoka Asia, tena wakiwa na usugu kwa dawa nyingi. Mlipuko mkubwa wa Malawi ulioanza mwaka 2022, baada ya tufani na mafuriko, ukaua watu zaidi ya 1,700, nao bakteria wake walikutwa na undugu wa karibu na wale wa Asia Kusini. Wavuvi wa Karonga hawakukiumba.

Na sisi je? Ukoo wa kipindupindu uliotokea Asia Kusini na kuenea Afrika Mashariki kuanzia 2013 na 2014 ndio ukoo ambao baadaye uliingia Yemen, nchi iliyokuwa vitani, ambako waliougua walizidi milioni moja. Vinasaba vinaonyesha njia hiyo: Asia Kusini, Afrika Mashariki, Yemen. Kwa hiyo katika hadithi ya Myemeni, mgeni aliyeleta ugonjwa ni sisi. Hakuna mvuvi wala mama wa dagaa wa ukanda huu aliyekusudia. Bakteria anakwenda na maji machafu na mikono isiyooshwa, na vita ilipobomoa mabomba ya Yemen alikuta njia wazi.

Lakini nisiwafanye mdhani kwamba kazi ya vinasaba ni kuwasafisha watu wote. Wakati mwingine inamnyooshea mwenye nguvu kidole, na inafaa afahamike. Haiti haikuwa na historia ya kipindupindu kama hiki hadi Oktoba 2010. Watu waliokaa kando ya mto chini ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Nepal walisema tangu mwanzo kwamba uchafu wa kambi umeingia mtoni. Hawakusikilizwa. Mwaka 2011 bakteria wa Haiti walilinganishwa na wa Nepal na kukutwa karibu sawa, wakipishana herufi moja au mbili. Hata hivyo Umoja wa Mataifa ulisubiri hadi Desemba 2016 kabla Katibu Mkuu Ban Ki-moon hajawaomba Wahaiti radhi, na kufikia hapo maelfu walikuwa wamekufa. Wanakijiji walikuwa wamesema kweli. Kilichokosekana ni ushahidi ambao mwenye mamlaka asingeweza kuupuuza.

Turudi nyumbani. Je, Tanzania inaifanya kazi hii? Inaifanya. Dar es Salaam, wagonjwa wa kifua kikuu wa Temeke wamekuwa wakifuatiliwa kwa miaka mingi na Taasisi ya Afya ya Ifakara pamoja na wenzao wa Uswisi. Mwaka 2023 walichapisha matokeo ya kusoma bakteria kutoka kwa wagonjwa 1,082. Waliona kwamba kifua kikuu cha Dar es Salaam kinatawaliwa na koo kadhaa zilizoingia nchini kutoka sehemu mbalimbali za dunia ndani ya miaka 300 iliyopita. Katika miaka hiyo bandari zetu zilikuwa zikipokea majahazi, baadaye meli za wakoloni na reli. Bakteria aliyepo leo katika pafu la kijana wa Mbagala ana historia ndefu kuliko ya mtaa anaokaa. Kwa Kyela najiuliza mengi nikifikiria hilo. Wanaume wa Unyakyusa walikwenda dhahabu ya Lupa, wakaenda migodi ya shaba ya Zambia, wakafika hadi Johannesburg, na vumbi la mgodi ni rafiki mkubwa wa kifua kikuu. Walirudi na nini? Bakteria wa Kyela wakisomwa watatujibu.

Wilaya hii si mgeni wa utafiti. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) pale Mbeya kimefanya kazi hapa muda mrefu. Uchunguzi ulioonyesha kwamba wenye minyoo ya matende huambukizwa virusi vya ukimwi kwa kasi kubwa kuliko wasio nayo, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet, ulitumia damu ya watu wa Kyela. Mlijitolea nanyi, dunia ikajifunza. Mbeya wanaotesha bakteria wa kifua kikuu na kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka. Kwa hiyo ninapopendekeza kwamba bakteria wa kila mgonjwa wa Kyela aliyeoteshwa ahifadhiwe, asomwe, na alinganishwe na wa Karonga, siombi jambo la kufikirika. Naomba mambo matatu ya kawaida: friji isiyozimika umeme, kijana aliyesomeshwa, na makubaliano kati ya wizara mbili za afya, ya kwetu na ya Malawi, ambazo tayari zinapeana habari za mpakani.

Ombi la kijana lina uzito wa pekee kwangu. Bakteria wa Karonga walisafirishwa kwenda kusomwa Uingereza, kwa sababu wakati huo hapakuwa na mahali pa karibu. Kazi ilifanyika vizuri na matunda yake ndiyo nimewaletea leo. Lakini sampuli inayosafiri hurudisha majibu baada ya miaka, yakiwa makala, na mgonjwa ambaye majibu yangemsaidia ameshapona au ameshazikwa. Mashine za kusomea zimekuwa ndogo. Zipo za kushika kiganjani. Zikiwa Mbeya, mganga wa Kyela anaweza kuambiwa ndani ya majuma machache kwamba wagonjwa wake wanne, kutoka kata nne, wana bakteria wa asili moja, na kwamba kuna mahali pa kwenda kutazama.

Nina hofu moja, na naisema hadharani ili mnishike kwayo. Ujuzi huu ukiangukia mikono mibaya utageuka kuwa ramli mpya. Mtu ataomba majibu ya vinasaba ili ampeleke shemeji barazani. Hiyo isiruhusiwe. Kwanza, kisayansi haiwezekani kumpata mwenye kosa kwa njia hiyo: bakteria wa watu wawili wakifanana, yawezekana wa kwanza alimwambukiza wa pili, au wa pili alimwambukiza wa kwanza, au wote waliambukizwa na mtu wa tatu ambaye hakuwahi kufika kliniki. Pili, hakuna mtu aliyeugua kifua kikuu kwa kupenda. Majina yafungiwe kwa mganga. Kinachotakiwa kutoka nje ni jina la mahali, yaani kilabu, bweni, wodi, ukumbi wa mazoezi ya kwaya au basi, ili mahali hapo pafunguliwe hewa na waliokuwapo wapimwe wote, bila kutaja nani alikohoa. Mgonjwa naye aulizwe kabla bakteria wake hajasomwa. Aelezwe kwa Kiswahili, na kwa Kinyakyusa akihitaji, bakteria wake atasomwa wapi, na nani, na habari zake zitakaa wapi.

Lakini tusisubiri mashine. Kuna jambo linaweza kuanza Jumatatu. Fomu ya mgonjwa mpya inamwuliza anaishi na nani. Wauguzi wa kliniki, ongezeni maswali machache pembeni kwa kalamu: jioni unakaa wapi, umelala hospitali gani mwaka huu, umelala msibani lini, Jumapili uko kanisa gani, unasafiri na gari la nani kwenda Mbeya au kuvuka Songwe. Andikeni majina ya mahali tu. Yakusanyeni kila robo mwaka, na mkiona kilabu au wodi imetajwa na wagonjwa watano, nendeni na mtaalamu wa maabara mkiwa na vikopo vya makohozi, na mwende pia na fundi wa madirisha.